Kitenzi Kilichomsahau Mnunuzi

Anayepekua kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Uingereza za karne ya 19 hakosi kukutana na kitenzi ambacho leo hata Waingereza wengi wangelazimika kukitafutia maana: burke. Serikali inalaumiwa kwa ku-burke uchunguzi, mwenyekiti kwa ku-burke mjadala, waziri kwa ku-burke ripoti. Maana yake ni kuliua jambo kimyakimya kabla halijafika hadharani. Anayepinga hoja husimama akaipinga, kura zikapigwa, na matokeo yakaandikwa. Anayefungia gazeti hutoa amri yenye saini yake. Kitenzi hiki hakiwahusu hao. Kinamhusu yule anayehakikisha kwamba jambo halijadiliwi, halikataliwi wala halipigiwi kura. Linakufa tu, na likishakufa halina hata mchubuko wa kumwonyesha mtu.

Habari ya mchubuko usioonekana haikuingia humo kwa bahati. Burke alikuwa mtu. Simsemi Edmund Burke, mwanasiasa mzaliwa wa Dublin aliyefariki mwaka 1797 na anayetajwa kila yanapozungumzwa Mapinduzi ya Ufaransa, ingawa kufanana kwa majina kumewapoteza wengi. Huyu ni William Burke, kibarua kutoka County Tyrone huko Ayalandi, aliyevuka bahari kwenda Uskoti kuchimba mfereji wa maji kati ya Edinburgh na Falkirk, akaishia mtini. Wapenda lugha hukisimulia kisa chake kama kioja cha jinsi jina la mtu linavyogeuka kitenzi. Mimi nakiona kisa cha aina nyingine. Kitenzi hiki kiliifanyia historia yake chenyewe kile kile kinachokieleza: kilimtoa muuzaji hadharani na kumfukia mnunuzi, bila kuacha alama.

Tuanze na biashara yenyewe. Edinburgh ya miaka ya 1820 ilikuwa miongoni mwa miji mikuu ya elimu ya udaktari Ulaya, na elimu hiyo ilitaka maiti za kupasuliwa. Njia kuu ya halali ya kuzipata ilikuwa miili ya wauaji walionyongwa, nao hawakuwa wengi kiasi cha kutosheleza mahitaji. Robert Knox, mwalimu wa anatomia aliyefundisha kwa kujitegemea katika nyumba namba 10, Surgeons' Square, peke yake alikuwa na wanafunzi zaidi ya 500 mwaka 1828. Pengo hilo lilizibwa na wafukuaji makaburi. Familia zenye uwezo zilifunika makaburi kwa vizimba vya chuma, na baadhi ya makanisa yalijenga minara ya walinzi wa usiku. Wasio na uwezo walikesha wenyewe makaburini hadi mwili uoze kiasi cha kutofaa tena sokoni. Soko, basi, lilikuwepo kabla ya Burke, na wote walijua mlango wake ulipo.

Mwishoni mwa Novemba 1827, mzee mmoja mstaafu wa jeshi aliyeitwa Donald alifia katika nyumba ya kulala wageni ya William Hare, mtaa wa West Port, kwa maradhi ya kuvimba mwili. Alikuwa anadaiwa kodi ya pauni 4. Hare na rafiki yake Burke walilifungua jeneza, wakalijaza magome ya miti kutoka kwa watengeneza ngozi, kisha wakaupeleka mwili mjini kuuza. Walikuwa wakimtafuta Profesa Monro wa Chuo Kikuu. Mwanafunzi mmoja akawaelekeza kwa Knox. Walilipwa pauni 7 na shilingi 10, kiasi ambacho kibarua asingekipata kwa wiki nyingi za jasho, na kwa maungamo ya Burke mwenyewe, waliambiwa kwamba wakipata mwingine wasisite kurudi. Walirudi. Hadi Oktoba 31, 1828 walikuwa wamewaua watu 16, wengi wao wapita njia, ombaomba, wanawake wasio na makao na wageni waliokuja mjini kutafuta ndugu. Njia yao ilikuwa moja karibu kila mara. Mlengwa alinyweshwa pombe hadi akalewa chakari, kisha mmoja akamlalia kifuani huku mwingine akimziba pua na mdomo. Mwili ukifikishwa kwa mteja hauna jeraha, haujavunjika mfupa, na unafanana na wa mtu aliyekata roho usingizini.

Bei inaeleza mengi hapa. Majira ya baridi mwili ulinunuliwa kwa pauni 10, majira ya joto kwa pauni 8, kwa sababu joto huharakisha kuoza. Huyo si mnunuzi wa kubahatisha anayeletewa kitu mara moja na kushtuka. Ni ofisi yenye viwango vya msimu, yenye bawabu wa kupokea mzigo na wasaidizi wa kulipa fedha. Vijana wale wasaidizi hawakuwa watu wa hivi hivi. Mmoja wao, William Fergusson, alikuja kuwa mpasuaji wa Malkia Victoria na kupewa cheo cha heshima cha kurithiwa. Na miili mingine ilitambuliwa. Mary Paterson, msichana wa mjini, alifahamika kwa baadhi ya vijana waliomwona mezani. James Wilson, kijana wa miaka 18 mwenye ulemavu wa akili aliyezunguka mitaa ya mji mkongwe miguu mitupu, alijulikana na kila mtu. Wanafunzi waliposema ni yeye, inasimuliwa kwamba Knox alikana na kuagiza mwili ule upasuliwe bila kungoja zamu yake.

Siri ilivunjwa na maskini wenzao. James na Ann Gray, wapangaji wasio na kitu, waliukuta mwili wa mmoja wa waathirika, Margaret Docherty, umefichwa chini ya majani makavu. Wakaahidiwa pauni 10 kwa wiki ili wanyamaze, nao wakaenda polisi. Katika kisa kizima hiki, hao ndio waliopewa nafasi ya wazi ya kulizima jambo kwa malipo, na hao ndio walioikataa.

Kilichofuata ni tatizo la ushahidi. Madaktari walioukagua mwili wa Docherty, akiwemo Robert Christison, bingwa wa sumu na tiba ya mahakama, waliweza kusema tu kwamba huenda aliuawa kwa kuzibwa pumzi, kuthibitisha hawakuweza. Njia ya Burke ilikuwa imefanya kazi yake hata mbele ya sayansi. Kwa hiyo mwendesha mashtaka mkuu wa Uskoti akampa Hare kinga ili awe shahidi. Kesi ilianza Desemba 24, 1828, ikakesha, na asubuhi ya Krismasi Burke akakutwa na hatia. Alinyongwa Januari 28, 1829 mbele ya umati mkubwa, na magazeti yaliripoti kwamba watu walimpigia kelele mnyongaji aachane na kamba, amuue Burke kwa njia ya Burke. Hapo ndipo tunapolikuta jina likitumika kama kitenzi, mwili wa mwenye jina ukiwa bado haujapoa. Hukumu ilitaka naye apasuliwe hadharani, akapasuliwa na Monro yule yule aliyekuwa akitafutwa mwanzo, na mifupa yake imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Knox hakushtakiwa. Hakusimamishwa hata kizimbani kama shahidi. Waungwana kadhaa wa mji waliunda kamati isiyo na mamlaka ya mahakama, wakaripoti mwezi Machi 1829 kwamba hawakuona ushahidi kuwa yeye au wasaidizi wake walijua habari ya mauaji, ingawa upokeaji wao wa maiti ulikosa uangalifu. Mambo yakaishia hapo. Umati uliichoma sanamu yake, na watoto wa mitaani wakatunga wimbo uliowataja wote watatu, kila mmoja kwa kazi yake, Knox akiwemo kwa kazi ya ununuzi. Wimbo wa watoto, basi, uliimaliza hesabu ambayo mahakama iliiacha nusu. Lugha ya watu wazima wenye elimu ilichukua jina moja tu, la yule aliyenyongwa, tena kibarua, tena Mwairishi.

Atakayenijibu atasema: lakini Burke ndiye aliyeua! Kununua maiti isiyoulizwa ilikotoka lilikuwa jambo la kawaida kwa walimu wote wa anatomia wa wakati ule, na hakuna aliyethibitisha kwamba Knox alijua. Pingamizi hilo lina uzito, na sidai hapa kwamba Knox alikuwa muuaji. Nauliza kwa nini swali lake halikuwahi kujibiwa mahali panapojibiwa maswali kama hayo. Na kuhusu kutojua, upo mfano wa karibu. Novemba 1831, watu wawili, John Bishop na Thomas Williams, waliigiza biashara hiyo London, wakapeleka mwili wa mvulana King's College. Richard Partridge, mwalimu wa pale, aliuona ni mbichi mno na hauna dalili ya kuwahi kuzikwa. Akawaambia wauzaji kwamba ana noti ya pauni 50 na inabidi kwanza aitafutie chenji. Walipokuwa wakingoja chenji, polisi wakaingia. Ni kweli Partridge alikuwa tayari ameonywa na kisa cha Edinburgh, faida ambayo Knox hakuwa nayo. Lakini macho aliyoyatumia hayakuhitaji onyo. Ni macho ya mtu wa anatomia, na Knox alisifika nayo kuliko wote.

Mtaani kitenzi kipya kilikuwa na maana kali zaidi ya ile iliyokuja kubaki kwenye kamusi, na kilimlenga daktari moja kwa moja. Desemba 1831 huko Aberdeen, mbwa alifukua mabaki ya binadamu nyuma ya jengo la kufundishia anatomia la Andrew Moir. Umati ukalichoma moto na kulibomoa. Moir hakuwa ameua mtu yeyote, ila jengo lake lilikuwa limekwisha pewa jina la mitaani lililotokana na Burke. Mwaka uliofuata kipindupindu kilipoingia Liverpool, watu walizuia wagonjwa wasipelekwe hospitali, wakipaza sauti kwamba madaktari wanataka kuwafanyia kile cha Burke ili wapate miili. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka mumiani: neno lililokuja kwetu kutoka Kiajemi likiwa jina la dawa nyeusi ya utomvu, kisha enzi za ukoloni likabeba hofu ya watu wanaokamatwa na kukamuliwa damu kwa faida ya wakubwa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alisisitiza kwamba uvumi wa namna hiyo usomwe kama maelezo ya jinsi watu walivyouona utawala, badala ya kuchekwa kama ujinga. Uvumi wa Liverpool una nguvu zaidi ya huo, maana ulianza na kesi iliyothibitishwa mahakamani, yenye bei na risiti zake kichwani mwa kila mtu.

Ndipo sheria ikaja. Henry Warburton, mbunge, alijaribu mwaka 1829 akakwama katika Bunge la Mabwana. Baada ya kesi ya Bishop na Williams akajaribu tena, na mwaka 1832 Sheria ya Anatomia ikapita. Iliwaruhusu wenye maiti mikononi mwao kihalali kuzitoa kwa shule za udaktari endapo hakuna ndugu anayezidai. Kwa lugha nyepesi, hao walikuwa wasimamizi wa hospitali na wa zile nyumba ambamo maskini walipewa chakula na malazi kwa masharti ya kazi. Neno maskini halikuwa na haja ya kutajwa. Tajiri hafii humo. Marehemu aliruhusiwa kukataa kabla ya kifo, kwa maandishi, au kwa kauli mbele ya mashahidi wawili katika ugonjwa wake wa mwisho, haki ambayo mtu anayekata roho kwenye wodi ya nyumba ya maskini angehitaji nguvu na ujasiri kuidai. Na sheria hiyo hiyo ilifuta upasuaji wa wauaji walionyongwa. Ruth Richardson, mwanahistoria aliyeichambua kwa kina kuliko wengi, ameeleza wazi kilichotokea: kile ambacho kwa vizazi kilikuwa adhabu ya juu ya muuaji kikahamishiwa kwa fukara.

Hapa tena nitapingwa, na ni haki. Sheria ilifaulu. Baada ya 1832 biashara ya wafukuaji makaburi ilikufa, mauaji ya namna ya Burke yakakoma kuwa tishio, na madaktari waliofunzwa vizuri waliokoa watu wengi, maskini wakiwemo. Jeremy Bentham, mwanafalsafa, alikuwa ametoa mwili wake mwenyewe upasuliwe alipofariki Juni mwaka huo huo, kuonyesha kwamba kupasuliwa si fedheha. Yote nakubali. Lakini angalia kilichopotea njiani. Kabla ya sheria, mtu aliyesema fulani ame-burke alikuwa akitaja muuzaji, mwathirika na soko. Baada ya sheria, soko lilikuwa limehalalishwa, na maana ya mtaani ikakosa mahali pa kushika. Iliyoendelea kuishi ni ile ya bungeni, safi, isiyo na maiti wala daktari: kuzima hoja. Na bunge ndilo lililolimaliza suala lenyewe kwa sheria ambayo jina lake lilizungumzia kusimamia shule za anatomia. Sioni mfano bora wa kitenzi hiki kuliko huo. Madaktari wa tiba ya mahakama, nisiwanyime sifa yao, bado wanalitumia neno kwa maana yake ya kwanza, kuua kwa kugandamiza kifua na kuziba pumzi, na vitabu vyao aghalabu husimulia kisa chote, Knox akiwemo.

Lipo pingamizi la tatu, la wanaisimu, kwamba maneno yote husahau yalikotoka na hakuna anayewajibika kubeba kesi ya mahakama kila anapofungua kinywa. Kweli, matumizi ndiyo maana. Ila kusahau nako kuna mwelekeo. Chukua jirani yake, boycott. Mwaka 1880 wakulima wa County Mayo walimsusa Kapteni Charles Boycott, wakala wa mashamba, na padri wao John O'Malley akaona wanavijiji wanahitaji neno jepesi, akalitoa jina la kapteni mwenyewe. Hapo waliotunga neno walikuwa wanyonge, na jina walilolitia doa lilikuwa la mtu aliyetaka kuwafukuza mashambani. Burke lilianza vile vile, mdomoni mwa umati, ila likakuzwa na watu wa tabaka la akina Knox. Nikiri hata hivyo kwamba mfano wangu una ufa: Boycott alikuwa wakala tu. Mwenye ardhi alikuwa Lord Erne, na jina lake halikugeuka kitenzi cha lugha yoyote. Ufa huo haunisumbui sana. Unaonyesha kwamba hata neno linapotungwa na walio chini, humwangukia aliye karibu na mkono, na mwenye mali hukaa hatua moja nyuma.

Mtafsiri wa Kiswahili anayekutana na burke hana upungufu wa maneno. Bungeni kwetu hoja huzimwa. Vijana watasema limeuliwa soo. Wazee wana methali nzima, funika kombe mwanaharamu apite, ingawa hiyo ina huruma ndani yake: anayefunika kombe huenda anaficha aibu ya nyumba, na mwanaharamu akishapita, kombe litafunuliwa. Burke haifunuliwi. Kwa hiyo mimi ningechagua kuiziba hoja pumzi, kwa kuwa inabakiza kitendo cha mwili na nia ya kuua. Na pale ambapo kamusi nyingi za Kiingereza huandika asili ya neno kwa mstari mmoja, kwamba William Burke alinyongwa Edinburgh mwaka 1829 kwa mauaji ya namna hii, mhariri wa kamusi ya Kiswahili angeweza kuongeza maneno machache bila kujaza ukurasa: aliua watu 16 akishirikiana na William Hare, na maiti zao alizinunua Dk. Robert Knox, ambaye hakushtakiwa.